Nyasi za Uwanja wa Boli: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Katika boli ya nyasini, mchezaji huviringisha tufe nzito akitaka isimame karibu na tufe ndogo inayolengwa. Uwanja wa kawaida una urefu wa kati ya mita 31 na 40, na kinundu kidogo tu kinatosha kuipotosha tufe. Klabu nyingi hutunziwa nyasi na wanachama wanaojitolea. Ninawaheshimu sana watu hawa, ndiyo maana ningependa tuziweke kando dhana chache zinazowapotezea jasho lao.

“Kazi hii ni ya mafundi, mimi nitaharibu.”
Kazi nyingi za uwanjani hazihitaji ufundi mkubwa: kung’oa magugu kwa mkono, kusafisha mtaro wa pembeni, kuondoa umande. Hii ya umande wengi huidharau. Asubuhi mapema mtu hupitisha fimbo ndefu inayonyumbulika juu ya nyasi, matone yakaanguka na majani yakakauka kabla ukungu haujapata nafasi. Anayeifanya hupita kila sehemu ya uwanja, kwa hiyo mara nyingi ndiye wa kwanza kuona doa la ugonjwa likiwa bado na ukubwa wa sarafu.

“Tukikata fupi zaidi, tufe itakimbia zaidi.”
Itakimbia, kwa muda. Wakati wa msimu nyasi hizi hukatwa takriban milimita 5, na huo tayari ni ufupi wa kutosha. Jani ndilo linalolisha mzizi. Ukilinyoa mno, mizizi hubaki juujuu, nyasi hupungua na kuvumwani, vile vimea laini vya mahali penye unyevu, huchukua nafasi. Kabla ya kushusha kimo cha kukatia, kagua makali ya mashine ya kukata nyasi. Zungusha silinda yake yenye visu kwa uangalifu, injini ikiwa imezimwa, huku ukilisha kipande cha karatasi kati ya visu na ubapa wa chini. Karatasi ikikatika safi pande zote, mashine iko sawa. Ikikunjika au kuchanika, majani nayo yanachanwa vivyo hivyo, na ncha zake zitageuka rangi ya kahawia.

Kuna jambo jingine hapa linalowachanganya wageni. Kasi ya uwanja hupimwa kwa sekunde ambazo tufe hutumia kusafiri takriban mita 27 hadi kusimama, na sekunde zikiwa nyingi, uwanja ndio mwepesi zaidi. Kwenye uwanja mzito tufe hurushwa kwa nguvu, inakwenda mbio kisha inakwama mapema. Kwenye mwepesi huachiwa polepole ikateleza muda mrefu.

“Rola nzito itaondoa mabonde.”
Rola hukandamiza mlima na bonde kwa pamoja. Udongo hushikamana, hewa hukosa njia na maji hutuama. Rola nyepesi ina kazi yake, lakini mabonde husawazishwa kwa kutandaza mchanganyiko wa mchanga na udongo kidogo kidogo, au kwa kuinua kapeti ya nyasi, kurekebisha udongo chini yake na kuirudisha.

“Kutoboa mashimo ni kuharibu uwanja.”
Malalamiko haya huja kila msimu unapokwisha. Chini ya nyasi hujengeka tabaka la mabua na mizizi iliyokufa, linalofyonza maji kama sifongo na kuifanya tufe izame. Mashimo hupunguza tabaka hilo na kupeleka hewa na maji kwenye mizizi. Mashine hutoboa, lakini kufagia vipande vilivyotolewa, kumwaga mchanga na kuusugua uingie ndani ni kazi ya mikono mingi. Siku moja ya namna hii ina faida kuliko wiki nzima ya kukata nyasi, kwa maoni yangu.

“Maji kidogo kila jioni, na mbolea rangi ikififia.”
Maji ya juujuu huzaa mizizi ya juujuu, na jani linalolala limelowa hukaribisha ukungu. Mwagilia asubuhi, kwa kina, kisha acha siku zipite. Nitrojeni nyingi nayo hulainisha majani na kunenepesha lile tabaka la chini.

“Kila mtu afanye anachoona kinafaa.”
Wawili wakiweka mbolea wiki moja bila kuambiana, nyasi huungua. Liwepo daftari moja bandani: tarehe, kimo cha mashine, aina na kiasi cha mbolea, doa lilionekana wapi. Dawa za kunyunyizia waachiwe waliofunzwa. Katika nchi nyingi sheria inadai hivyo. Petroli nayo ijazwe nje ya uwanja, maana ikimwagika huua nyasi palepale.