Mtoto anayevuja damu hasubirishwi: maswali kuhusu hemofilia na usalama wa damu

Hemofilia ni nini?

Ni ugonjwa wa kurithi ambao damu huchelewa kuganda kwa sababu protini mojawapo ya kugandisha damu imekosekana au ni kidogo mno. Anayekosa protini namba 8 ana hemofilia A, na anayekosa namba 9 ana hemofilia B. Wagonjwa wengi ni wavulana, nao hurithi kutoka kwa mama. Hata hivyo, takribani theluthi moja huzaliwa katika koo ambazo hazijawahi kuwa na ugonjwa huu, kwa hiyo mtoto aliyevuja damu siku nyingi baada ya tohara apimwe, hata kama babu anaapa kwamba kwao jambo hilo halipo.

Goti la mwanangu limevimba tangu juzi. Je, nisubiri uvimbe upungue?

Hapana. Kilichomo ndani ya goti hilo ni damu, nayo kila inapokaa humo huula ugegedu, yaani gegedu laini linalokinga ncha za mifupa, hadi siku moja mguu unagoma kunyooka. Tiba inatakiwa ianze ndani ya saa mbili tangu dalili za kwanza, wakati mtoto anasema tu kwamba anahisi joto au mchonyoto, kabla uvimbe haujaonekana kwa macho. Tunaowapokea sisi hospitalini huwa wamekwisha kupitishwa kwa mchuaji, wamekandwa kwa maji ya moto, wamechomwa sindano ya diklofenaki, dawa ya maumivu, kwenye tako, na ndipo siku ya tatu wanaletwa wamebebwa mgongoni. Kuchua huongeza kuvuja, maji ya moto huongeza kuvuja, na sindano ya msuli hufungua jeraha jipya. Mpumzishe, kiinue kiungo, weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa, kisha njoo. Akigonga kichwa, njoo hata kama anacheka na kucheza, na umwambie daktari ampe kwanza dawa ya kugandisha damu, picha za kichwa zifuate baadaye.

Tunachelewa kwa sababu tumesikia dawa hizo za kugandisha damu zinaleta VVU. Ni uongo?

Kwa wakati wake ulikuwa ukweli mchungu, na ni haki mzazi aujue. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, dawa ya protini namba 8 ilitengenezwa kwa kuchanganya plazima, yaani maji ya damu, ya maelfu ya watu katika pipa moja. Mmoja wao akiwa na virusi, pipa zima liliambukizwa. Uingereza iliahidi mwaka 1975, kupitia waziri wake David Owen, kwamba ingejitosheleza kwa plazima ya wananchi wake, lakini ahadi hiyo haikutimizwa kwa wakati, na dawa ikaendelea kuagizwa kutoka Marekani, ambako wengi waliotoa plazima walilipwa fedha, wakiwamo wafungwa. Watu wapatao 1,250 wenye magonjwa ya kuvuja damu nchini humo walipata VVU, kati yao watoto wapatao 380, na wengi zaidi walipata homa ya ini C. Ripoti ya uchunguzi wa umma iliyotolewa Mei 2024 ilisema wazi kwamba sehemu kubwa ya maafa hayo ingeweza kuepukwa.

Tangu mwaka 1985 hivi, dawa hizo hupashwa joto kali au husafishwa kwa kemikali zinazoua VVU na virusi vya homa ya ini B na C, na nyingine siku hizi hazitokani na damu ya mtu kabisa. Kumwacha mtoto avuje leo kwa kuogopa dawa ya mwaka 1982 ni kumlemaza kwa hiari.

Je, nchi ikijitosheleza kwa damu, hatari inakwisha?

Inapungua sana, haikwishi. Uskoti ilikuwa ikitengeneza sehemu kubwa ya dawa yake kwa damu ya hiari ya watu wake, na bado mwaka 1984 fungu moja la dawa hiyo liliwaambukiza VVU wagonjwa wa mji wa Edinburgh, kwa kuwa lilikuwa halijapashwa joto kali. Uchangiaji wa hiari bila malipo, upimaji na kuua virusi huenda pamoja.

Kwetu Afrika Mashariki tatizo ni la namna nyingine. Hatuna kiwanda cha kuchuja protini kutoka kwenye plazima kama kile cha Afrika Kusini, na dawa nyingi zinazowafikia wagonjwa wetu ni msaada unaopitia Shirikisho la Hemofilia Duniani. Kiwanda kinahitaji plazima nyingi yenye ubora usioyumba. Tusipochangia damu mara kwa mara hatuwezi hata kuipeleka plazima yetu ikachujwe nje.

Hospitali ya wilaya ina plazima tu, haina dawa ya kiwandani. Hapo si bora kusubiri?

Hapana, narudia, hapana. Mwenye hemofilia A anaweza kupewa kraio, yaani sehemu inayobaki plazima iliyogandishwa barafu inapoyeyushwa taratibu. Mwenye hemofilia B hupewa plazima, kwa kuwa kraio haina protini namba 9. Ni kweli kwamba mifuko hii kwa kawaida haijauliwa virusi na kila mfuko una mchangiaji wake, kwa hiyo usalama wake unategemea upimaji na ukweli wa mchangiaji, maana maambukizi ya siku chache huweza kukipita kipimo. Ndiyo maana inaniudhi kuona ndugu wakimlipa kijana wa getini ajifanye binamu na kutoa damu. Aliyelipwa ana sababu ya kuficha maisha yake. Chukueni plazima iliyopimwa, na ninyi wenyewe mchangie.

Mwanangu alikwisha kupewa plazima mara nyingi. Nifanye nini?

Apimwe VVU na homa ya ini B na C kila mwaka. Homa ya ini C sasa hutibika kwa vidonge vya takribani wiki 12. Asiye na kinga ya homa ya ini B achanjwe, na mwambie muuguzi chanjo iingizwe chini ya ngozi, si kwenye msuli.