Bafa ni nini, na pH yake hupigwaje hesabu?

Siku ya mashindano ya mashua Lamu, simama gatini uwatazame mabaharia upepo unapozidi. Mashua ikianza kulala, baadhi yao huhamia upande wa goshini, na chombo kikainuka. Idadi yao ni ileile. Kilichobadilika ni wangapi wako huku na wangapi wako kule. Nikifundisha bafa huanzia hapo, kwa sababu hesabu yake yote ni ya kuhama upande.

Bafa ni myeyusho wenye asidi dhaifu pamoja na besi yake, yaani asidi hiyohiyo ikiwa imeshatoa protoni (chembe ya hidrojeni yenye chaji chanya). Ukitia asidi kali, besi huzidaka protoni zake na kugeuka asidi dhaifu. Ukitia alkali, asidi dhaifu hutoa protoni na kugeuka besi. Ndiyo maana pH, yaani kipimo cha uasidi ambacho hushuka asidi ikizidi, hutikisika kidogo tu.

Mmarekani Lawrence Henderson alionyesha uhusiano huu mwaka 1908, akichunguza damu. Baadaye Mdenmaki Karl Hasselbalch akauandika kwa logi (logarithimu ya kizio 10):

pH = pKa + logi (besi ÷ asidi)

pKa ni namba ya kila asidi: ni pH ambayo nusu ya chembe zake zimeshatoa protoni. Hapo besi na asidi ni sawa, uwiano ni 1, logi yake ni 0, na pH inakuwa pKa yenyewe. Bafa hufanya kazi vizuri ikiwa karibu na namba hiyo, isipite 1 juu wala chini.

Tuchukue fosfeti, ambayo pKa yake ni 7.2. Katika lita moja una milimoli 60 za besi na milimoli 40 za asidi (milimoli ni sehemu ya elfu ya moli, kipimo cha wingi wa chembe). Uwiano ni 1.5, logi yake 0.18, kwa hiyo pH ni 7.38. Sasa tia milimoli 5 za asidi ya haidrokloriki, ambayo ni asidi kali.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza: huongeza 5 upande wa asidi, wakaiacha besi na 60 zake. Haiwezekani. Aliyehama hawezi kuhesabiwa pande zote mbili. Besi inabaki 55, asidi inakuwa 45. Uwiano ni 1.22, logi yake 0.09, na pH ni 7.29. Imeshuka kwa 0.09 tu. Milimoli zilezile 5 katika lita ya maji matupu zingeyapeleka kutoka 7 hadi 2.3, na vimeng'enya vingi haviwezi kustahimili hali hiyo.

Neno moja kwa anayepima maabara: 7.2 ni ya myeyusho wenye chumvi kidogo sana. Chumvi ikizidi, pKa ya fosfeti hushuka kuelekea 6.8, kwa hiyo piga hesabu kwanza, kisha thibitisha kwa kipimo cha pH.

Damu yetu hutumia zaidi bafa ya bikaboneti, yenye pKa ya 6.1. Kwa kawaida kila lita ina milimoli 24 za bikaboneti, ambayo ndiyo besi, na 1.2 za kaboni dioksidi iliyoyeyuka, inayohesabiwa kama asidi. Uwiano ni 20, logi yake 1.3, na pH ni 7.4. Mtu angeuliza: 7.4 si mbali mno na 6.1? Ni mbali kweli, na bafa hii ingekuwa dhaifu kama ingefungiwa chupani. Nguvu yake ni kwamba mapafu huitoa kaboni dioksidi nje na figo husimamia bikaboneti.

Mfikirie mzamiaji anayevua kambakoche, aliyebana pumzi chini ya maji. Kaboni dioksidi ikipanda hadi 1.5, uwiano hushuka hadi 16 na pH hadi 7.3. Kifua kinamlazimisha apande. Akishaibuka na kuhema mara kadhaa, ile 1.2 inarudi, na 7.4 nayo.