Je, wajua kwa nini Windows 11 inaikataa kompyuta ambayo bado ni nzima?

Ukiziweka mezani laptopu mbili za Lenovo, ThinkPad T470 na T480, itabidi uangalie mara mbili kuzitofautisha. Zote zinaandika barua na kucheza video bila kukwama. Lakini T480 yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 inapokea Windows 11, na T470 ya kizazi cha 7 inakataliwa.

Wengi hutaja TPM 2.0, chipu ndogo inayotunza funguo za data iliyofungwa kwenye diski. Ni sharti kweli, ila T470 nyingi zinayo. Sababu nzito iko kwenye prosesa. Windows 11 hutenga kiini cha mfumo na kukagua saini ya kila programu inayotaka kufanya kazi humo. Prosesa mpya husaidia ukaguzi huo zenyewe. Za zamani huachia programu iigize kazi hiyo, na mashine inakuwa nzito.

Hapo ndipo penye kichekesho: kizazi cha 7 kinao msaada huo. Microsoft ilichora mstari kwenye cha 8, kisha mwaka 2021 ikaruhusu prosesa chache za kizazi cha 7, mojawapo ikiwa ile iliyomo ndani ya Surface Studio 2, kompyuta yake yenyewe.

Basi kubaki na Windows 10 kuna ubaya gani? Masasisho ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mtumiaji wa nyumbani aliyejiandikisha anaongezewa hadi Oktoba 2026. Baada ya hapo kompyuta itawaka kama jana, lakini mifumo hii miwili ina msimbo mwingi wa pamoja. Kila kiraka cha Windows 11 kinaweza kumwonyesha mdukuzi tundu lililobaki wazi kwenye Windows 10. Kuna mafundi wanaoingiza Windows 11 kwa njia ya mkato wakitumia Rufus, programu ya kuandaa flash ya kusakinishia. Hufanya kazi, ila Microsoft haijaahidi mashine hizo masasisho, nami nisingeweka humo kazi za benki.

Njia ninayoipendelea ni kuiondoa Windows na kuweka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, katika toleo lake jepesi la Xfce. RAM ya GB 4 inatosha kuanzia, na ukibadilisha diski ya kuzunguka ukaweka SSD, utadhani umenunua mashine nyingine. Viraka vya Mint 22 vinaendelea hadi 2029.

Linux haiponyi kila kitu. Januari 2018 dunia ilijua kuhusu Spectre na Meltdown, kasoro zilizomo ndani ya prosesa zenyewe. Intel ilitoa marekebisho kwa prosesa nyingi, lakini baadhi ya zile kongwe ikaziacha. Linux huyapakia marekebisho hayo kila inapowaka, hata kama mtengenezaji wa laptopu aliacha kutoa BIOS mpya, yaani programu ya kwanza inayoiwasha mashine. Andika `lscpu` kwenye teminali: mwishoni utaona orodha ya kasoro, na penye neno “Vulnerable” ujue tundu liko wazi.

Wakati wa kusakinisha, chagua kufunga diski nzima kwa nywila ndefu. Hilo halihitaji TPM. Prosesa zisizo na maelekezo ya AES, yanayoharakisha ufungaji wa data, zitapungua kasi kidogo.

Na mashine kongwe za biti 32? Debian 13, Linux ya aina nyingine iliyotoka Agosti 2025, haisakinishwi tena humo. Kwa upande wa Debian, iliyobaki ni Debian 12, yenye viraka hadi Juni 2028.