Kujitwika msalaba: maana yake, na mateso yasiyo msalaba

Kujitwika msalaba ni kukubali hasara, aibu, mateso au hata kifo kinachomjia mtu kwa sababu amechagua kumtii Yesu Kristo. Agizo hili ni la Yesu mwenyewe. Luka 9:23 yasema: "Mtu yeyote akitaka kunifuata, na ajikane mwenyewe, ajitwike msalaba wake kila siku, anifuate." Mathayo 16:24 na Marko 8:34 wanaleta agizo lilelile, ila Luka peke yake ndiye anayeandika "kila siku".

Ili kulielewa, weka kando kwanza msalaba wa dhahabu wa shingoni na ule uliosimamishwa madhabahuni. Waliomsikia Yesu walikuwa hawajaona Kalvari. Walichokijua ni adhabu ya Warumi. Mwaka 4 kabla ya Kristo, Herode Mkuu alipokufa na watu wakaasi, Varus, gavana wa Siria, aliwasulubisha Wayahudi wapatao 2,000, kama anavyosimulia mwanahistoria Yosefo. Ilikuwa adhabu ya watumwa, wanyang'anyi na waasi. Raia wa Rumi kwa kawaida hakusulubiwa. Aliyehukumiwa alipigwa mijeledi, akabebeshwa boriti ya kukingama, akapitishwa njiani mbele za watu, kisha mikono ikafungwa kwa kamba au kupigiliwa misumari, na boriti ikapandishwa juu ya nguzo. Mwaka 1968, kaskazini mwa Yerusalemu, ilipatikana mifupa ya mtu aliyesulubiwa karne ya kwanza baada ya Kristo, msumari wa chuma ungali umepenya mfupa wa kisigino. Kwa hiyo Mgalilaya aliyesikia "ajitwike msalaba wake" hakuwaza uvumilivu wa matatizo madogomadogo. Aliona mtu aliyekwisha kuhukumiwa, asiye na madai tena juu ya maisha yake.

Yesu aliyasema hayo katika nchi ya Kaisaria Filipi. Petro alikuwa ametoka tu kukiri, "Wewe ndiwe Kristo", na aliposikia kwamba Kristo huyo atakataliwa na kuuawa, akaanza kumkemea. Petro alimtaka Kristo bila msalaba. Alipokwisha kumkaripia, Yesu aliuita mkutano pamoja na wanafunzi ndipo akatoa agizo. Hivyo hili si fundisho la watawa na wachungaji peke yao. Linamhusu mama wa sokoni na kijana wa darasa la kipaimara sawasawa na askofu.

Agizo lina sehemu tatu, nayo ya kwanza ni kujikana. Huku si kujichukia, wala kujidharau, wala si sawa na kuacha nyama siku za Kwaresima, ingawa kufunga kuna faida yake. Usiku ule katika ua wa kuhani mkuu, Petro alimkana Yesu kwa kusema kwamba hamjui, akakata uhusiano naye ili aokoe maisha yake. Kujikana ni kuifanyia nafsi yako vivyo hivyo kila inapodai kuwa bwana: inapotaka kulipiza kisasi, kusifiwa, au kupata kwa njia isiyo halali. Sehemu ya pili ni kujitwika, yaani kukubali gharama ya uamuzi huo. Ya tatu ni kufuata, nayo ndiyo inayozipa maana zile mbili. Mtu anaweza kujinyima na kuteseka sana bila kumfuata Kristo hatua moja.

Sasa hapa ndipo mafundisho mengi yanapopotoka. Kuna msalaba wa Kristo na kuna msalaba wa mwanafunzi, na kazi zake ni mbili tofauti kabisa. Kristo alizichukua dhambi zetu katika mwili wake juu ya mti (1 Petro 2:24), akautoa uhai wake kuwa fidia ya wengi (Marko 10:45). Waebrania 10 yasisitiza kwamba alitoa dhabihu moja, mara moja tu, na imetosha. Msalaba wako haulipi dhambi hata moja. Unakuja baada ya wokovu, kama tunda lake. Waefeso 2:8-10 inaupanga mtiririko huo: tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, si kwa matendo, kisha tumeumbwa katika Kristo ili tutende matendo mema. Ukiugeuza mpangilio huo, unabaki na mtu anayefunga na kuteseka akitumaini Mungu atamkubali, na kila anapoanguka anaanza upya kulipa deni lililokwisha kulipwa.

Mtazame Zakayo katika Luka 19. Yesu alijialika nyumbani kwake kabla hajarudisha chochote. Baada ya hapo Zakayo akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu, mara nne. Sheria ya Hesabu 5:7 ilimdai mtu aliyeungama dhuluma arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano, basi. Zakayo alipita mbali kiwango hicho, na hakuna aliyemlazimisha. Neema ilimfikia kwanza, nayo ikamgharimu mali.

Basi nitajuaje kama ninachobeba ni msalaba? Jiulize: kama leo ningeacha kumtii Kristo, je, mzigo huu ungeondoka? Kisukari hakitaondoka, wala ukame, wala msiba. Hayo ni mateso ya kweli, na Mungu yu karibu na anayeyapitia, lakini yanawapata waaminio na wasioamini. Karani aliyenyimwa cheo kwa kukataa kusaini stakabadhi ya uongo angekipata kesho akikubali kusaini. Huyo amejitwika msalaba. Ugonjwa wa mzee aliyepooza si msalaba wake, lakini binti anayemuuguza, ambaye angeweza kumtelekeza na badala yake anabaki kwa ajili ya Kristo, anaubeba. Yesu mwenyewe aliweka mpaka huo aliposema juu ya mtu atakayeiangamiza nafsi yake "kwa ajili yangu na kwa ajili ya Injili" (Marko 8:35).

Matokeo ya makosa yetu pia si msalaba. Petro anaonya kwamba Mkristo asiteswe kama mwuaji, au mwivi, au mtu ajishughulishaye na mambo ya watu wengine (1 Petro 4:15). Fundi aliyekimbiwa na wateja kwa sababu anachelewesha kazi asiseme anapigwa vita kwa ajili ya imani.

Kosa linaloumiza zaidi ni lile la kumwambia mwanamke anayepigwa na mumewe avumilie kwa kuwa huo ndio msalaba wake. Hilo si fundisho la Kristo. Yeye alisema mtu ajitwike. Hakuwapa watu ruhusa ya kuwatwisha wenzao, na aliwakaripia vikali waliofunga mizigo mizito na kuiweka mabegani mwa watu (Mathayo 23:4). Tena hakutuamuru tuyatafute mateso. Walipookota mawe ili wamtupie, alijificha akatoka hekaluni (Yohana 8:59). Aliwaambia wanafunzi wakifukuzwa mji mmoja wakimbilie mwingine (Mathayo 10:23). Paulo alishushwa ukutani Dameski katika kapu, na Yerusalemu, alipofungwa ili apigwe mijeledi, aliutaja uraia wake wa Kirumi. Kukimbilia usalama, kituo cha polisi au nyumba ya ndugu si kuutupa msalaba.

Kosa la upande wa pili linapendwa zaidi siku hizi: Yesu aliteseka ili sisi tusiteseke kabisa, kwa hiyo mwenye shida hana imani. Paulo na Barnaba waliwafundisha waumini wapya wa Listra, Ikonio na Antiokia kinyume chake, kwamba imetupasa kuingia katika ufalme wa Mungu kwa njia ya dhiki nyingi (Matendo 14:22). Kristo alibeba hukumu yetu. Hakuahidi kwamba ulimwengu uliomkataa utatupenda.

Katika Afrika Mashariki mambo haya yana historia. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika ulijulikana kwa watu kuungama dhambi mbele ya wenzao, kurudisha vitu walivyoiba na kupatana na waliokosana nao. Wakati wa Mau Mau nchini Kenya miaka ya 1950, wengi wa ndugu hao walikataa kula kiapo cha wapiganaji wa Mau Mau, na wengi wakakataa pia kubeba bunduki za serikali, na wengine waliuawa. Mwaka 1977 Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana Uganda, ambaye naye aliokoka katika uamsho huo, pamoja na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin kupinga mauaji ya raia. Akatuhumiwa kula njama, akakamatwa, akauawa tarehe 16 Februari. Hakukitafuta kifo. Alisema kweli, na kifo kikamfuata hapo.

Kwa wengi wetu "kila siku" haina damu. Ni muuza nafaka anayetumia mizani isiyochezewa wakati jirani anauza kwa bei ya chini kwa kuiba gramu. Ni ndugu anayekataa kumnyang'anya mjane shamba ingawa ukoo wote umekubaliana, naye anaitwa msaliti kikaoni. Yesu anashauri tuketi kwanza na kuhesabu gharama, kama mtu anayetaka kujenga mnara, au mfalme mwenye watu 10,000 anayekabiliwa na mwenye 20,000 (Luka 14:28-32). Hesabu hiyo ifanywe kwa majina: nikisema kweli katika jambo hili nitapoteza nini, kwa nani, na familia yangu itaishije? Ongea na mwenzi wako na Mkristo mmoja aliyekomaa kabla ya siku ya uamuzi. Anayeamua pale ofisini, bosi amesimama mbele yake na kalamu, mara nyingi husaini.

Na aliyekwisha kusaini? Aungame waziwazi kwa Mungu bila kusingizia bosi, arudishe alichokula, na amwambie ukweli yule aliyeumizwa. Asijipangie adhabu ya kufidia. Petro alimkana Bwana mara 3, na baada ya ufufuo, kando ya bahari ya Tiberia, hakupewa kitubio, yaani adhabu ya kulipia dhambi. Aliulizwa na Yesu mara 3 kama anampenda, akakabidhiwa kondoo wa kulisha, akaambiwa kwa kifo gani atamtukuza Mungu, kisha akaambiwa, "Nifuate."