Dume wa livingstonii aliua jike usiku mmoja, na kosa lilikuwa langu

Kuna simu moja huwa naipokea kila mara, mtu yuko hapa Mbeya, Uyole au Mwanjelwa au Tukuyu huko, "kaka, huyu samaki wangu ana roho mbaya, kaua wenzake, nimfanyeje?" Namuuliza tanki lina urefu gani, ananiambia futi tatu. Samaki wangapi? Wawili, dume na jike. Basi hapo nimeshaelewa, maana na mimi nilianza hivyo hivyo na livingstonii, samaki wa Ziwa Nyasa ninayemfuga kwenye tanki la kioo, nikasema nitaweka mke na mume wazae, asubuhi nakuta jike kaning'inia kona ya juu nyuma ya hita ya kupasha maji, mapezi yamebaki vipande, ubavu hauna magamba, na dume anazunguka zake kama hajui kitu.

Ninaofuga ni siklidi (jamii ya samaki wa maji baridi) wakubwa wa Ziwa Nyasa, hasa huyu Nimbochromis livingstonii. Anafika sentimita 25. Upande wa Malawi wanamuita kaligono, yaani mlalaji, kwa sababu anajilaza kwa ubavu kwenye mchanga, yale madoa ya kahawia yanamfanya aonekane kama samaki aliyeoza, visamaki vidogo vinasogea kudonoa mzoga, mzoga unafyatuka unameza mmoja. Mtafiti Kenneth McKaye aliieleza tabia hiyo mwaka 1981. Mimi mara ya kwanza kuiona nilichukua wavu nikamtoe maiti, wavu ulivyogusa maji maiti ikakimbia.

Sasa ubabe wake unatoka wapi. Dume akiwa tayari kuzalisha anageuka bluu, anashika eneo lake, anachimba shimo mchangani, na kuanzia hapo kila kinachopita mbele yake ni jike wa kubembeleza au adui wa kupiga. Jike ambaye hana mayai akifukuzwa ziwani anaogelea mita kadhaa tu, anatoka kwenye eneo la bwana mkubwa, yameisha. Kwenye tanki anagonga kioo, anarudi, dume anaona kama amerudi kwa jeuri, anamuongeza. Yaani samaki anafanya kile kile anachofanya kule ziwani Matema, sisi ndo tumemnyima jike mlango wa kutokea.

Kwahiyo mimi sishuki chini ya futi sita, sentimita 180 kwa 60 kwa 60, hapo ni kama lita 650, na maji peke yake ni kilo 650 kwahiyo stendi chomelea ya chuma usijidanganye na meza ya mninga ya sebuleni. Vioo vya milimita 12. Fundi mwambie silikoni isiwe ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, ile inaua samaki. Ndani naweka dume mmoja na majike wanne au watano ili hasira ya bwana igawanyike, leo kapigwa huyu kesho yule, hakuna anayekula kipigo peke yake mpaka afe. Madume wawili wa aina moja kwenye futi sita sishauri kabisa.

Na mawe. Watu wanapanga mawe kwa ajili ya picha, vipango vizuri vya kujificha pembeni, katikati peupe. Samaki wa sentimita 20 haingii kwenye kipango chako. Anachohitaji ni jiwe pana lililosimama katikati ili dume akiwa upande huu asione upande ule, asipomuona jike anamsahau. Ukileta samaki mgeni hamisha mawe yote kwanza, zima taa, waingize usiku na wasiwe mmoja mmoja. Dume akiamka hajui mipaka yake iko wapi na ana kazi ya kuanza upya. Jike ukimuona amehamia kona ya juu na haji kula, mtoe siku hiyo hiyo, usisubiri kesho.

Mbeya ina mambo yake pia. Ziwa liko chini huko Kyela, kama mita 475 kutoka usawa wa bahari, sisi tuko kama 1,700, baridi ya Juni na Julai kila mtu anaijua, kwahiyo hita mbili za wati 300 badala ya moja kubwa (moja ikigoma kuzima haitawachemsha wote), na stairofomu nyuma na pembeni. Kwa mwinuko huu maji yanashika oksijeni pungufu kama asilimia 18 kulinganisha na Dar kwa joto lile lile, kwahiyo pampu ya hewa sio pambo. Umeme ukikatika nawasha pampu ndogo ya betri, natupa blanketi juu ya tanki, na filta ya nje ikikaa masaa mengi bila kuzunguka naifungua na kumwaga maji yake kabla ya kuiwasha tena, bakteria wanaosafisha maji wanakuwa wamekufa mle na maji yameoza.

Maji ya Nyasa yana pH kati ya 7.7 na 8.6 hivi. Ya bombani kwangu hayafiki, nimepandisha kwa mawe ya chokaa ya Songwe, jiwe dondoshea siki, likitoa mapovu ndo lenyewe. Chokaa ya kupaka ukuta USIWEKE, utaua wote kwa dakika.

Kuzaa sasa. Jike anataga, anageuka anaokota mayai kwa mdomo, anadonoa yale madoa kama mayai kwenye pezi la chini la dume, hapo ndo anapata mbegu. Anakaa nayo mdomoni kama wiki tatu hali chochote, kidevu kimevimba. Mimi nasubiri siku kumi na kitu halafu namhamishia tanki lake usiku taratibu, maana ukimtisha anatema au anameza. Akishatema vitoto usimrudishe kwa dume siku hiyo, kakonda, mpe wiki mbili ale kwanza. Vitoto vinakula usipa (dagaa wa Nyasa) uliokaushwa na kusagwa laini, unapatikana sokoni wala hauhitaji kuagiza Dar. Wakubwa pia nawapa usipa na kamba. Nyama ya ng'ombe hapana, mafuta yake hawayawezi. Na usichanganye livingstonii na ndugu yake venustus ukitegemea watoto safi, wanazaliana hao na utauza machotara bila kujua.

Ukiwachoka usiwamwage mtoni tafadhali, mito ya hapa mjini inaenda Ziwa Rukwa, sio kwao.

Kundi langu la mwisho wamefika sentimita nne, bado wana rangi moja wote, dume na jike huwezi kuwatofautisha. Ila kuna mmoja tangu juzi amekaa kona yenye sponji, wenzake wakisogea anawatoa mbio. Huyo nimeanza kumtafutia tanki lake.