Debian 12 kwenda 13: ipime mashine kabla ya kupandisha toleo

Debian ni mfumo huria wa kuendesha kompyuta, na toleo lake la 13, lenye jina la trixie, lilitoka tarehe 9 Agosti 2025. Debian 12, bookworm, imepangiwa huduma ya timu ya usalama hadi 10 Juni 2026, kisha huduma ya muda mrefu hadi 30 Juni 2028. Kwa ratiba hiyo hakuna haja ya kupapatika, hasa kwa shule na ofisi zinazotegemea kompyuta za mitumba. Kupandisha toleo huandika upya maelfu ya mafaili kwa mkupuo, hugusa sehemu za diski ambazo hazijaguswa kwa miaka, na huichosha RAM (kumbukumbu ya kazi) kuliko kazi ya kawaida ya kuandika barua. Ubovu uliokuwa umejificha hujitokeza siku hiyo, na lawama zote huangukia toleo jipya.

Anza na amri moja fupi:

`dpkg --print-architecture`

Jibu likiwa `amd64`, endelea. Likiwa `i386`, simama hapo. Debian 13 haina tena kerneli (kiini cha mfumo) wala kisakinishi cha kompyuta za biti 32; vifurushi vya i386 vilivyobaki ni vya kuendeshea programu za zamani ndani ya mfumo wa biti 64. Kabla hujaitupa mashine, endesha `lscpu` na usome mstari wa `CPU op-mode(s)`. Ukiona "32-bit, 64-bit", prosesa inaweza kubeba mfumo wa biti 64 na aliyeisakinisha mwanzoni alichagua diski ya kusakinishia isiyofaa tu. Hapo hifadhi data nje, kisha sakinisha amd64 upya. Njia za kubadilisha i386 kuwa amd64 bila kusakinisha upya zipo, lakini zinakula siku nzima na kuacha mabaki ambayo mtu atakayekufuata hatayaelewa.

Aliye bado kwenye Debian 11 apite 12 kwanza. Kuruka toleo hakuungwi mkono.

Diski, RAM na betri ndogo

Sakinisha `smartmontools`, kisha:

`sudo smartctl -a /dev/sda`

Usiridhike na neno PASSED linaloonekana juu. Diski nyingi hufa zikiwa bado zinasema PASSED. Shuka kwenye jedwali utazame `Reallocated_Sector_Ct`, `Current_Pending_Sector` na `Offline_Uncorrectable`, safu ya mwisho ya RAW_VALUE. Ya kwanza huhesabu sehemu zilizokufa ambazo diski imekwisha kuzihamishia kwenye akiba yake. Ya pili ndiyo ya kuogopa zaidi, kwani huhesabu sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijui izifanyeje. Pending ikizidi sifuri, nakili data leo na utafute diski nyingine. `UDMA_CRC_Error_Count` ni habari tofauti. Namba hiyo hupanda data inapoharibika njiani kati ya diski na ubao mama, na mara nyingi mkosaji ni waya wa SATA uliolegea au kuchakaa. Badilisha waya, andika namba uliyoiona, uitazame tena baada ya wiki. Haitarudi sifuri, ila isipande. Kwa diski za NVMe andika `/dev/nvme0` na utazame `Media and Data Integrity Errors`.

Ukishasoma jedwali, endesha `sudo smartctl -t long /dev/sda`. Amri yenyewe itakwambia dakika za kusubiri. Majibu yatatokea karibu na mwisho wa `smartctl -a`.

RAM hupimwa na `memtest86+`. Kifurushi hicho kikisakinishwa hujiongeza kwenye menyu ya GRUB, programu inayouwasha mfumo. Washa upya, kichague, kiache kimalize angalau mzunguko mmoja mzima. Kukiacha usiku kucha ni bora zaidi. Kosa moja linatosha kuihukumu RAM. Zima, chomoa umeme, toa vipande vyote, safisha miguu yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio laini cha penseli, kisha pima kipande kimoja kimoja katika nafasi ileile. Kosa likifuata kipande, kipande ni kibovu. Likibaki kwenye nafasi bila kujali kipande, tatizo liko kwenye ubao.

Dalili ya RAM mbovu wakati wa kusakinisha ni ujumbe kama `lzma error: compressed data is corrupt` au `Segmentation fault` unaotokea kwenye kifurushi tofauti kila unapojaribu. Kosa likirudia kifurushi kilekile, shuku faili iliyopakuliwa vibaya. Ifute kwenye `/var/cache/apt/archives` na uipakue tena kabla ya kufungua kompyuta.

Betri ya CR2032 kwenye ubao mama hudharauliwa, na gharama yake ni ndogo kuliko bando litakalopotea. Ikiisha, saa ya kompyuta hurudi miaka nyuma kila umeme unapozimwa. Kisha `apt update` hukataa kwa kusema `Release file ... is not valid yet`, na tovuti za https nazo hukataa kufunguka. Watu huhangaika na mtandao kumbe kosa ni tarehe. Irekebishe hivi:

`sudo date -s "2025-11-03 10:20"`
`sudo hwclock --systohc`

Weka tarehe yako, na uandike saa kwa mtindo wa saa 24. Saa nne na dakika ishirini asubuhi ni 10:20. Aliyeandika 04:20 ataiweka mashine nyuma kwa saa sita.

Nafasi kwenye /boot

/boot ndiko yanakokaa mafaili ya kuuwasha mfumo. Kama `df -h /boot` inaonyesha sehemu ya diski inayojitegemea, hapa ndipo wengi hukwama. Maelezo ya toleo la 13 yanataka /boot iwe na angalau MB 768, na takriban MB 300 ziwe wazi. Sehemu za /boot zilizotengwa na visakinishi vya zamani mara nyingi ni ndogo kuliko hapo, maana kerneli na fimwea (programu zinazoendesha vifaa kutoka ndani) zilikuwa bado nyembamba. Nafasi ikiisha katikati, utaona `No space left on device`, ikifuatwa na `update-initramfs: failed`. Mashine ikizimwa katika hali hiyo huenda isiwake.

Usifute mafaili ya /boot kwa `rm`. Hifadhidata ya dpkg, programu inayosimamia vifurushi, itaendelea kuamini kuwa yapo. Angalia kerneli inayotumika kwa `uname -r`, orodhesha zilizomo kwa `dpkg -l 'linux-image-*'`, kisha ondoa za zamani kwa `sudo apt purge` ukitaja jina kamili, na kuacha ile inayotumika. Bado haitoshi? Fungua `/etc/initramfs-tools/initramfs.conf`, badilisha `MODULES=most` kuwa `MODULES=dep`, kisha `sudo update-initramfs -u`. Faili ya initrd, inayotumika mwanzoni mwa kuwasha mfumo, itapungua sana kwa kuwa itabeba viendeshi vya mashine hiyo peke yake. Bei yake ni kwamba ukiihamishia diski kwenye kompyuta nyingine, inaweza isiwake.

Bando na umeme

Tenganisha kupakua na kusakinisha. Hii ndiyo kinga kubwa kwa aliye mahali penye mtandao wa kusuasua na umeme usiotabirika. Malizia kwanza masasisho yote ya bookworm kwa `apt update` na `apt full-upgrade`. Hatua hiyo ina uzito wa pekee kwa wanaopandisha seva kwa ssh wakiwa mbali, maana openssh ya zamani ya bookworm inaweza kukataa miunganisho mipya mchakato ukiwa nusu. Fungua `tmux` kabla ya kuanza, mtandao ukikatika kazi isife nao.

Zima hazina za nje (vyanzo vya vifurushi visivyo vya Debian) zilizomo katika `/etc/apt/sources.list.d/`, ondoa kizuizi kwenye vifurushi vinavyoonyeshwa na `apt-mark showhold`, kisha faili ya vyanzo, `/etc/apt/sources.list`, isomeke hivi:

`deb http://deb.debian.org/debian trixie main non-free-firmware`
`deb http://deb.debian.org/debian trixie-updates main non-free-firmware`
`deb http://deb.debian.org/debian-security trixie-security main non-free-firmware`

Neno `non-free-firmware` lisisahaulike. Lilianza na Debian 12, na bila hilo Wi-Fi nyingi hubaki na fimwea kuukuu au kukosa kabisa. Sasa pakua bila kusakinisha:

`sudo apt update`
`sudo apt full-upgrade --download-only`

Apt itakuonyesha kiasi cha data kabla ya kukuuliza. Ikikatika, rudia amri, itaendelea ilipoishia. Maabara yenye kompyuta nyingi iweke `apt-cacher-ng`, inayohifadhi vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa, kwenye mashine moja, nyingine zote zielekezwe kwake kwa mstari mmoja ndani ya `/etc/apt/apt.conf.d/00proxy`:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`

Badala ya kupakua mara 20, utapakua mara moja. Vyanzo viwe vya http, kwani vya https havihifadhiwi na programu hiyo. Uhalali wa vifurushi hulindwa na saini, kwa hiyo http hapa haina ubaya.

Umeme ukiwa wa uhakika, au laptopu ikiwa na betri iliyojaa:

`sudo apt upgrade --without-new-pkgs`
`sudo apt full-upgrade`

Njiani utaulizwa kuhusu mafaili ya mipangilio uliyowahi kuyabadilisha. Bonyeza D uone tofauti. N huacha faili yako na kuweka mpya pembeni yenye kiishio `.dpkg-dist`; Y huweka mpya na kuhifadhi yako kama `.dpkg-old`. Usiye na hakika, chagua N.

Umeme ukikatika katikati, usianze kusakinisha upya kwa hofu. Washa, ingia, kisha `sudo dpkg --configure -a`, halafu `sudo apt --fix-broken install`, halafu rudia `full-upgrade`. Mashine isipowaka, chomeka flashi ya kisakinishi cha Debian, ingia `Advanced options`, chagua `Rescue mode`, chagua sehemu ya diski yenye mfumo, na uendeshe amri hizohizo humo ndani.

Flashi yenyewe pia huwa chanzo cha matatizo. Linganisha namba ya uhakiki ya ISO (faili ya kisakinishi) na ile iliyo ndani ya faili ya SHA256SUMS, iandike ISO kwenye kifaa kizima (`/dev/sdb`, bila namba mwishoni), na flashi ya bei ya kutilia shaka uipime kwa `f3probe`. Amri hiyo hufichua flashi iliyoandikwa GB 64 kumbe ndani ni GB 8. Kisakinishi kisipoiona diski kabisa, ingia BIOS uangalie kama SATA imewekwa RAID au RST badala ya AHCI. Kompyuta nyingi za ofisi za Dell huja hivyo. Kama kuna Windows unayotaka ibaki, iweke kwanza iwake katika hali salama kabla ya kubadilisha, la sivyo itagoma kufunguka.

Baada ya kuwasha upya

Ukijikuta kwenye alama ya `(initramfs)`, andika `blkid`. Diski isipoonekana kabisa, rudi kwenye waya na BIOS. Ikionekana, linganisha UUID yake (namba ya utambulisho) na ile iliyo ndani ya `cat /proc/cmdline`. Ukiona `RUN fsck MANUALLY`, taja sehemu husika, kwa mfano `fsck -y /dev/sda2`, kisha `exit`. Lakini kama smartctl ilikuwa imeonyesha Pending, usiguse fsck kabla hujanakili diski kwa ddrescue, inayopatikana katika kifurushi `gddrescue`. Fsck huandika juu ya diski inayokufa, na ndivyo data iliyokuwa inaokoleka inavyopotea.

Skrini nyeusi: kwenye GRUB bonyeza e, ongeza `nomodeset` mwisho wa mstari unaoanza na `linux`, bonyeza F10. Ukiingia, ondoa kiendeshi cha zamani cha NVIDIA, kama kipo.

Mtandao ukipotea, `ip link` itakuonyesha jina la kadi kwa sasa. Ikiwa `/etc/network/interfaces` inataja enp3s0 na kadi sasa inaitwa eno1, rekebisha jina. Kwa Wi-Fi, `lspci -nnk` hutaja kadi na kiendeshi chake, na `sudo dmesg | grep -i firmware` hueleza iliyokwama. Maneno `failed with error -2` maana yake faili ya fimwea haipo, kwa hiyo kadi ni nzima. Unahitaji `firmware-iwlwifi` kwa Intel au `firmware-realtek` kwa Realtek. Ili kukipata kifurushi hicho bila mtandao, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Kompyuta itaiona kama kadi ya waya.

Kuna mabadiliko mawili yanayoshangaza watu ambayo si hitilafu. Kwanza, `/etc/sysctl.conf` haisomwi tena. Kompyuta iliyokuwa ikigawa intaneti kwa `net.ipv4.ip_forward=1` itaacha kugawa, hadi mstari huo uhamishiwe kwenye faili ndani ya `/etc/sysctl.d/`, yenye jina linaloishia na `.conf`. Pili, `/tmp` sasa inakaa ndani ya RAM na inaweza kuchukua hadi nusu yake. Kwenye mashine ya GB 4 programu ya kuhariri video inaweza kulalamika kuwa nafasi imeisha huku diski ikiwa tupu. Kuirudisha kwenye diski:

`sudo systemctl mask tmp.mount`

kisha washa upya.

Kerneli ya 6.1 ya bookworm iache kwenye menyu ya GRUB kwa wiki kadhaa. Kiendeshi fulani kikigoma kwenye 6.12, utawasha kwa ile ya zamani na kuendelea na kazi huku ukitafuta dawa. Mambo yakitulia, `sudo apt autoremove` itafagia masalia, na `sudo apt modernize-sources` itageuza vyanzo vyako kuwa vya muundo mpya wa `.sources`.