Hologramu ya jelatini imetoka na ukungu? Iache leza, angalia maji

Wanaonitumia picha za hologramu zao, yaani zile picha zenye kina zinazopigwa kwa leza ndani ya utando wa jelatini juu ya kioo, karibu wote wanauliza kitu kimoja, kwa nini kioo kimetoka cheupe hivi, na wengi washaamua wenyewe kuwa tatizo ni leza, wanataka nyengine ya bei kubwa. Mie nawaambia ngojeni kwanza. Meza ikitikisika au leza ikiyumba unapata kioo kisicho na picha, sio kioo chenye ukungu. Kwa sie tulioko Unguja na Pemba ukungu ule kwa kawaida ni habari ya maji tu, maji yaliyomo hewani, maji ya bomba yenye joto, na maji yaliyojificha ndani ya spiriti.

Tuelewane kinachotokea. Unachanganya jelatini na amoniamu daikromati, ule unga wa rangi ya chungwa. Mwanga wa buluu au kijani ukiingia, kromiamu iliyomo kwenye daikromati inatoka hali ya kikemia ya 6 mpaka hali ya 3, na hii ya 3 ndiyo inayofunga minyororo ya jelatini, pale panakuwa pagumu. Palipokosa mwanga panabaki laini. Ukitia kioo majini pale laini panavimba zaidi, halafu spiriti inanyonya maji kwa ghafla na ile tofauti inabaki humohumo ndani. Hamna chembe za fedha kama kwenye filamu za studio za zamani, na rangi ya chungwa yote inaoshwa, kwa hivyo ikitoka vizuri unashika kioo kitupu kabisa mpaka ukigeuze juani. Shankoff ndiye aliyeieleza njia hii huko Marekani mwaka 1968, na ule mpango wa kupiga kwa mwale mmoja (unapita kioo, unagonga kitu na kurudi, na unapokutana na ule unaoingia unachora tabaka ndani ya jelatini) ni wa Mrusi Yuri Denisyuk, mwaka 1962.

Sasa ukungu. Ukitumia leza ya kijani ya nanomita 532, tabaka za picha ndani ya utando zinapishana kwa kama nanomita 175, yaani utando wa mikroni 10 una tabaka hamsini na kitu. Jelatini ikiwa laini kupita kiasi, maji yakivutwa yanaacha vishimo vikubwa kuliko hizo tabaka, na vishimo vinatawanya mwanga kila upande. Ndo huo weupe unaouona.

Jelatini yenyewe natumia ya ng'ombe iliyoandikwa halali, ipo kwenye maduka ya vitu vya keki, na wala sio kwa sababu ya dini tu, bali ya paketi ileile kila mara unaijua tabia yake. Gramu 8 hivi kwa mililita 100 za maji yaliyochujwa, iache ivimbe kwenye maji baridi kwanza, kisha ipashe juu ya maji moto isizidi digrii 50, ndo utie daikromati gramu 2, chini ya taa nyekundu, maana nyekundu haiigusi. Mimina juu ya kioo cha dirisha kilichokatwa na fundi, kilichooshwa sawasawa na kupashwa moto kidogo, yanayozidi yachuruzike, kisha kilaze juu ya kitu kilicho sawa mpaka kigande.

Hapa nsimame kidogo. Daikromati ni sumu na inasababisha saratani, hili halina mzaha. Glavu lazima, unga wake usiuvute, na sufuria uliyotumia hairudi jikoni tena. Maji machafu usiyamwage uwani, visima vyetu viko ndani ya mawe ya matumbawe, kinachomwagwa juu kinafika chini upesi. Mie natia vitamini C mpaka ile chungwa inageuka kijani, hapo kromiamu imeshuka hali ya 3 ambayo madhara yake ni madogo zaidi, kisha naiweka kwenye dumu lenye kifuniko na maandishi. Hata hiyo siimwagi.

Jengine ni kwamba daikromati haingoji mwanga. Hata gizani jelatini inaendelea kukomaa pole pole, na joto na unyevu vinaiharakisha. Wenzetu wa nchi za baridi wanaweza kuweka vioo vyao muda mrefu, hapa wakati wa masika ukichelewa unakuta kishakuwa kigumu na hakipokei picha tena. Napaka magharibi, nakikausha ndani ya boksi lenye silika jeli, vile vichembe vinavyonyonya unyevu, napiga usiku huohuo au wa pili yake.

Kupiga sina mengi. Leza, lenzi ya kuutawanya mwale, kioo, na kitu nyuma ya kioo kikigusana nacho, vyote juu ya bamba zito la marumaru lililolazwa kwenye tyubu ya pikipiki iliyojazwa upepo nusu. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe hapa zinasaidia sana, chumba cha chini, usiku, bodaboda zikishapungua. Kwa kijani jelatini ni nzito kupokea kwa hivyo utahesabu dakika, sio sekunde, na usikae chumbani kwani hata pumzi zako zinasogeza hewa. Vile vikalamu vya leza vya bei rahisi vingi mwale wao hautulii, halafu vinavujisha mwanga usioonekana unaodhuru macho. Piga kombe, sarafu, njumu ya shaba ya mlango. Karafuu mbichi usijaribu, inakauka na kujikunja ukiwa umeipiga mwanga, picha inapotea yote.

Tukirudi kwenye maji. Tangi la juu ya paa mchana linatoa maji ya digrii 30 na zaidi, na jelatini laini ukiitia humo inavimba mpaka inaharibika. Weka barafu kwenye beseni, pima kwa kipimajoto, ufike digrii 20. Kioo kwanza kinapita kwenye fiksa (dawa ya kusafishia picha za filamu) yenye kigumishi cha kukaza jelatini, dakika chache, kisha hayo maji kama dakika 5. Anza na maji baridi siku zote, kwa sababu picha hafifu unaweza kuirudisha kwenye maji yenye joto zaidi ya yale ya kwanza kwa digrii 2 au 3 ikang'aa, lakini iliyokwishapata ukungu ni tabu kuirudisha safi. Ukungu ukizidi, kioo kinachofuata kipe muda mrefu zaidi wa mwanga.

Kisha spiriti ya isopropili, trei ya asilimia 50, ya 90, na ya mwisho tupu kabisa, ya moto digrii 60 hivi. Ipashe kwa kuiweka chupa ndani ya maji moto na jiko limezimwa, mvuke wake unawaka. Ile ya mwisho ndo watu wengi wanapoharibikiwa, kwani chupa iliyofunguliwa hapa visiwani inanyonya unyevu wa hewani. Mrututu (ile chumvi ya buluu ya shaba) uliokaangwa mpaka ukawa mweupe, ukiutia kidogo na ukageuka buluu, spiriti hiyo ina maji, itumie trei ya kwanza.

Itoe, iendeshee draya ya nywele hapohapo, picha itachomoza ya dhahabu au kijani machoni pako. Itazame kwa jua au tochi ya simu, taa ndefu ya tyubu haitakuonyesha kitu. Kisha kwangua jelatini ya pembezoni milimita 5 pande zote, funika kwa kioo kingine na gundi ya epoksi. Ikififia kabla hujaifunika usiitupe, irudishe majini na kwenye spiriti, picha inarudi. Ikishafunikwa kwa gundi halafu unyevu ukapenya kwa pembeni, hiyo basi tena.